Mkanda wa Tuzo Mbele ya Kamati ya Ukumbi

Jamani, nimeaibika. Si jana, si juzi. Leo, saa nane mchana, jua likiwaka, mbele ya watu ninaowaamkia kwa kuinama. Nawaandikia leo leo, ili barua ipande treni ya kesho na ninyi rafiki zangu wa Tabora mzipate habari hizi kutoka kwangu mwenyewe. Habari za Mpanda husafiri bila tiketi.

Ndoto yangu mnaijua. (Nimewachosha nayo, najua.) Nataka mji huu uwe na siku ya tuzo kila mwaka. Msimulizi bora, ngoma bora, igizo bora la shule, na mtunzi bora wa riwaya. (Huyo mtunzi sijamtaja jina. Nina haya zangu.) Ukumbi wa maana ni mmoja tu, na ufunguo wake uko kwa kamati. Leo ndiyo ilikuwa siku ya jibu. Wakikataa leo, mvua zinaanza, watu wanatawanyika mashambani, na ndoto yangu inalala mpaka mavuno.

Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Kaponda, mstaafu wa reli, mtu asiyetabasamu bila sababu ya maandishi. Wiki iliyopita aliniuliza:

"Kijana, hiyo tuzo ndiyo nini? Mtu amecheza ngoma, tumempigia vigelegele, amekunywa maji, ameenda kwake. Sasa unamwita tena umpe nini?"

"Kumbukumbu, baba."

"Kwani amekufa?"

Nikaona maneno hayatoshi. Nikaahidi kuwaonyesha sherehe ya tuzo kwa macho yao. (Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, na koleo nililishika mwenyewe.)

Nikaenda kwa Zakaria mwenye kibanda cha video. Alikuwa na boksi la mikanda aliyoachiwa na dereva wa lori, mingine haina hata jalada. Akachokora, akanitolea mmoja.

"Huu hapa. Watu wamevaa suti, wanaitwa majina, wanapewa sanamu za dhahabu. Nimeuonja mwanzo nikauzima. Hakuna ngumi, hakuna risasi, makofi tu. Hauna biashara huu."

Tukautia kwenye deki. Dakika kumi hivi. Ukumbi unang'aa kama mto wakati wa jua la asubuhi. Wanawake wenye magauni marefu yanayofagia sakafu. Mwanamume wa makamo anapokea sanamu, anaibusu, anafuta machozi. Moyo wangu ulipaa! Nikamwambia Zakaria azime, tusimalize petroli ya jenereta bure.

Dakika kumi. Ningeongeza tano tu, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Basi leo kamati ikaja kibandani. Mzee Kaponda mbele, kofia mkononi. Nyuma yake Mama Generosa, kiongozi wa kwaya ya akina mama, aliyetoka Katumba kwa miguu na kitenge kipya. Na wazee wengine watatu. Mwalimu Pesambili, katibu wa kamati, alituma salamu kwamba yuko shambani Kabungu, tuanze, atatukuta.

Nikachukua kipaza sauti. Ninyi mmeona jinsi tunavyotafsiri mikanda huku: mtu anasimama pembeni ya televisheni, picha inasema Kiingereza, yeye anasema Kiswahili. Kazi hii nimeifanya mara nyingi kwa Zakaria. Ina sheria moja tu: usinyamaze. Ukielewa, tafsiri. Usipoelewa, tunga. Mtafsiri akinyamaza, watazamaji wanazomea. Katika mikanda ya karate haina shida, maana mtu akipigwa teke huhitaji kamusi. Lakini leo walikuwa wanaongea tu! Tena kwa haraka, na kwa pua. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilikaa chini kikaomba maji.

Nikatunga.

Akapanda dada mmoja mwenye gauni la kijani. Nikasema kwa sauti ya kutetemeka: "Huyu amepewa tuzo kwa kuigiza maisha ya mjane. Mjane aliyetoka Inyonga na ndoo ya asali kichwani, akavuka pori siku nne, akatafuta haki ya shamba la marehemu mumewe!"

Ndiyo. Mmeitambua. Ni riwaya yangu. (Ilikuwa karibu mdomoni. Nifanyeje?)

Wazee wakaguna kwa huruma. Mama Generosa akasema, "Yee, mwana wanje, mwanangu mie! Asali yote ile kichwani?" Mzee Kaponda akauliza kama shamba lilipatikana. Nikamwambia avumilie. Nikanoga. Aliyefuata nikampa sura ya tatu. Aliyefuata, sura ya tano. Kila sanamu iliyotolewa kule ughaibuni, mimi huku nilikuwa nimeishinda.

Kisha kikapita kipande kifupi cha filamu. Mwanamume na mwanamke wanasogeleana, wanatazamana, picha ikakatwa.

"Huyo ni kaka yake," nikasema upesi. "Amerudi kutoka vitani."

Mama Generosa akainamisha kichwa upande. "Mbona anamtazama hivyo kaka yake?"

"Hawajaonana miaka mingi, mama."

"Na shati lake liko wapi?"

"Vita, mama. Vita vimemnyang'anya kila kitu."

Wakakubali! Naapa wakakubali. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema vita ni kitu kibaya. Akapanda dada mwingine, mfupi, mwembamba, nywele amezifunga nyuma kama anayekwenda kuchota maji. Akaishika sanamu, akashindwa kusema, akalia. Nikatangaza kwamba analia kwa furaha kwa sababu serikali ya kwao imempa nyumba. Makofi! Mzee Kaponda alikuwa anapiga makofi! Nikauona ufunguo wa ukumbi ukining'inia mbele yangu.

Ndipo nikasikia baiskeli inaegemezwa ukutani. Mwalimu Pesambili akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakaa benchi la nyuma, akavaa miwani. Mwalimu huyu amefundisha Kiingereza miaka mingi kuliko umri wangu. Nikaendelea, lakini sauti ikaanza kutafuta mlango.

Akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwenye kioo, chini ya dada yule anayelia, yalikuwa yamepita maandishi, jina la tuzo aliyopewa. Mimi nilikuwa nayaruka maandishi yote. (Mtafsiri hasomi, mtafsiri anasema.)

"Kijana," akaita taratibu. "Punguza sauti kidogo. Unajua hawa ni akina nani?"

"Waigizaji, mwalimu."

"Ni waigizaji kweli. Wa filamu za ngono. Hii ni sherehe yao ya kila mwaka. Hiyo tuzo iliyotajwa sasa hivi, mimi siwezi kuitafsiri mbele ya Mama Generosa."

Jamani.

Zakaria aliruka kama aliyekanyaga moto, akabonyeza kitufe cha kuzima, akakosea, picha ikasimama. Dada yule mwembamba akabaki kwenye kioo, mdomo wazi, machozi shavuni, anatutazama sote.

Mzee Kaponda akanigeukia polepole.

"Kwa hiyo yule mjane wa Inyonga ni picha chafu?"

"Hapana, baba! Yule hayumo humu. Yule ni wa kwangu. Ni riwaya yangu."

"Ahaa. Kwa hiyo riwaya yako ndiyo picha chafu."

"Hapana, baba! Riwaya yangu ni safi! Niliichomeka tu humu ndani."

"Uliichomeka kwa hawa?"

"Ndiyo. Yaani, hapana. Baba, kusema kweli, nilikuwa sielewi wanachosema."

"Tangu wapi?"

"Tangu mwanzo."

Mzee mmoja aliyekuwa amelia kwa ajili ya mjane akafuta macho kwa hasira, kama anayedai machozi yake arudishiwe. Mwingine akasimama aondoke. Nami nikaweka kipaza sauti chini, nikajua siku ya tuzo imekufa.

Mama Generosa hakusimama. Alikuwa bado anatazama kioo.

"Huyu mtoto," akasema. "Kwa hiyo hakupewa nyumba?"

"Sijui, mama. Nilitunga."

"Sasa analia nini?"

Akageuka nyuma. "Mwalimu, wewe unakijua Kiingereza. Nyie wanaume mnaweza kutazama ukutani kama mnaona haya. Mimi nataka kujua mtoto wa mtu analilia nini."

Zakaria akanitazama, mimi nikamtazama Mwalimu, Mwalimu akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama kofia yake. Mkanda ukarudishwa nyuma kidogo. Dada akapanda tena jukwaani, akashika sanamu, akalia. Safari hii Mwalimu ndiye aliyetafsiri, bila kipaza sauti, sentensi moja moja, kama anayesomea mgonjwa barua.

"Anasema anawashukuru wenzake. Anasema watu wanawacheka, lakini kazini walitunzana. Anasema mama yake hapokei simu zake. Hajui kama siku moja mama yake ataiona sherehe hii. Anasema: mama, kama unaiona, mimi ni mzima. Nakula. Nalala vizuri. Basi."

Mama Generosa ana binti aliyeondoka kwenda Kigoma zamani, na haandiki. Hilo kila mtu kwenye kibanda kile alilijua. Alinyoosha kitenge chake kipya magotini.

"Kazi yake siipendi," akasema mwishowe. "Lakini huyu angalau ametuma salamu."

Yule mzee aliyesimama akakaa. Niliyatungia machozi yale nyumba ya serikali, na yenyewe yalikuwa na maneno yake tayari, mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Sikuona haya hivyo hata riwaya yangu ilipoitwa picha chafu.

Mzee Kaponda akakohoa. "Hivyo ndivyo inavyokuwa, hiyo tuzo? Mtu anasimamishwa mbele, halafu anasema lililo moyoni?"

"Ndiyo, baba. Hasa ndiyo hivyo."

"Mbona hukusema hivyo tangu wiki iliyopita? Ukaniambia kumbukumbu." Akavaa kofia. "Kuna wachezaji wa ngoma hapa wana miaka thelathini wanacheza, sijawahi kusikia hata mmoja akiongea. Ukumbi mtapewa."

Nilitaka kuruka. Akainua kidole.

"Bado. Mshereheshaji atakuwa Mwalimu. Wewe kipaza sauti usikiguse."

"Sawa, baba."

"Na kuhusu hiyo riwaya yako, mjini watasema kamati imempa ukumbi mwandishi wa mambo ya ngono. Lazima tujiridhishe kwamba ni safi. Ilete. Tutaisoma yote."

"Nitaileta, baba. Muisome kwa nafasi."

"Kwa sauti," akasema Mama Generosa, akijifunga kitenge. "Mimi nitasoma. Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, kina mama wote wakiwepo. Nimempenda yule mjane. Nataka kujua kama shamba alilipata."

Shamba alilipata, jamani. Tatizo si shamba. Tatizo ni sura ya saba, pale mjane anapokutana na mrina asali kando ya mto, nami nikaandika kwa nguvu zote za ujana wangu, kurasa kumi na moja, bila kumwacha hata mmoja wao akiwa na shati.

Anayetaka kucheka acheke. Mwenye huruma aniombee panya waingie kwenye sanduku lenye riwaya hiyo kabla ya Jumamosi.