Barua Tatu za Kisima, Pamoja na Nakala

Jumatatu, 3 Julai 2006

Miaka sabini na minne! Nimewazidi umri nzige, kodi ya kichwa, foleni ya sukari, duka la kijiji, ushirika uliokuwa unanunua alizeti yetu, na madaktari wawili walioniambia niache tumbaku. Wote wamekwenda. Mimi Chediel nipo hapa nje ya Ikungi, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mkono wa kisomo cha watu wazima. Kalamu inanitii siku ikitaka.

Leo mkutano. Bwana Mathayo wa shirika la maji, katoka Dodoma, kasema watachimba kisima kirefu chenye pampu. Kimoja tu! Vipimo vimeona maji mahali pawili: mbele ya lango langu, na shambani kwa Antipasi ng'ambo ya korongo. Sisi wajumbe wa kamati tutume maoni kwa imeili kabla wiki haijaisha. Akatugawia karatasi yenye anwani za wote. Antipasi anatumia anwani ya binti yake, muuguzi mjini. Anaitaja mbele za watu kama anataja ng'ombe wa maziwa.

Leah, mke wangu, anafukua maji mchangani korongoni tangu nimuoe. Shingo imekataa. Ukimwita kwa nyuma anageuka mwili mzima. Kisima kitakuja langoni kwangu. Shingo hiyo sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni Antipasi. Mbuzi wake walikula alizeti yangu, nilipomfuata akasema eti mbuzi walidhani ni pori. Walidhani! Mbuzi!

Jumanne, 4 Julai

Nimeandika barua tatu. Mtu mwingine asingeweza.

Ya kwanza kwa shirika. Nimesema mimi mzee sitaki kitu, lango langu ni la wote, kila mtu atachota bila kuulizwa.

Ya pili kwa Obadia, mwanangu aliyeko Dodoma. Huyo nimemwambia ukweli. Pampu ikifungwa kwangu nitaweka uzio, na ufunguo nitauvaa shingoni. Mke wa Antipasi atapanga foleni mwisho mpaka ajifunze kunipa shikamoo ya kueleweka, si ile ya kunitupia akipita.

Ya tatu kwa Antipasi. Tamu kama asali ya Itigi. Ndugu yangu, kwako ndiko kunakofaa, nimeshawaambia shirika wachimbe kwako, usisumbuke kuandika. Alale usingizi!

Leah kauliza mbona jasho. Nikamwambia kazi ya kichwa. Kasema Baba Obadia, nguvu hizo ungetia kwenye jembe tungekuwa tumeshafika kwenye maji. Mwanamke hana adabu na maandishi.

Jumatano, 5 Julai

Mjini, juu ya lori la vitunguu. Duka la kompyuta la Maryam, karibu na soko. Mama mzima, mkwe wa wafanyabiashara, kanipokea kwa shikamoo babu na kiti. Vizuri. Baada ya hapo akaanza ubishi.

Akauliza barua ipi iende kwa nani. Nikamwambia kila karatasi ina jina juu, na chini ina nakala, kama inavyotakiwa. Nilikuwa balozi wa nyumba kumi miaka mingi. Barua isiyo na nakala ni umbea. Nilipomshtaki bwana shamba niliandika chini: Nakala kwa Mkuu wa Wilaya, Nakala kwa Mkuu wa Mkoa. Bwana shamba akahama mwenyewe! Barua ile haikwenda hata Ikungi. Ilikaa kwenye mfuko wa koti langu, nikamwonyesha tu chini pale.

Basi chini ya kila barua nimewaandika wote: shirika, mwenyekiti wa kijiji, Obadia, Antipasi. Majina yatishe.

Maryam akasema kumbe nataka wote wapate zote. Nikasema andika majina kama yalivyo. Akasema babu, kuna njia kila mtu apate yake tu. Nikasema bila nakala sitaki. Akasema ipo pia nakala ya siri, mwingine haoni. Nilisimama! Nakala ya siri! Mimi, balozi, kitu cha wezi wa mbuzi! Nikapiga fimbo sakafuni mpaka vijana wa kompyuta nyingine wakavua zile za masikioni.

Halafu akazilaza barua zangu kwenye mashine ya kupigia picha, akauliza hivi viambatanisho avitenganishe? Nikamwambia avibane pamoja. Ofisini kila kitu kilibanwa na pini moja. Karatasi nyingi ndiyo heshima. Akanitazama. Akauliza tena kama nina hakika. Nikamuuliza yeye alizaliwa mwaka gani. Akabonyeza.

Imekwenda! Dereva wa lori hajamaliza hata soda.

Alhamisi, 6 Julai

Kuna jambo. Asubuhi Antipasi kanipita njiani, kavua kofia, kaniita Balozi Mwenye Ufunguo. Ufunguo? Nani kamwambia ufunguo?

Mchana mkewe kaja hadi langoni. Kapiga magoti vumbini. Shikamoo. Akanyanyuka, akapiga tena. Shikamoo. Mara ya tatu akauliza kama hiyo imeeleweka au aanze upya, kwani hataki kukaa mwisho wa foleni. Wanawake nyuma yake wamefunika midomo kwa khanga. Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje? Shikamoo ni shikamoo.

Uchawi huu. Au Leah. Nimembana Leah. Kasema yeye hata hajui barua zilisema nini, nimsomee. Nikakataa. Akanigeukia, mwili mzima, akasema kama nimeharibu maji yake nitajua.

Ijumaa, 7 Julai, Saba Saba

Obadia kapiga kwenye simu ya mwenyekiti. Tumepanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao. Mwanangu wa kuzaa kanifokea mbele ya kiongozi! Eti baba, umetuma barua zote tatu kwa watu wote. Eti Antipasi amewajibu wote anashukuru kwa kupewa kisima. Mwenyekiti anaangalia mawingu, mabega yanatikisika.

Kwa hiyo nakala zinakwenda kweli? Tangu lini? Zamani nakala ilikuwa na adabu, inakaa chini ya karatasi, inatisha watu, basi. Haitembei! Nani kairuhusu itembee? Biashara huria hii, imefungua kila kitu mpaka nakala.

Wamenionea. Lakini mimi siyo mtu wa kulala chini. Nimepata njia.

Jumamosi, 8 Julai

Mjini tena. Nikamwamuru Maryam azirudishe barua zangu. Kasema haziwezi kurudi, zimeshasomwa. Nikamwambia basi atume nyingine. Nimeandika kwamba zile tatu si zangu. Ni za adui aliyeiga mwandiko wangu. Sikumtaja. Nimesema tu anakaa ng'ambo ya korongo na mbuzi wake hawajui shamba.

Ushahidi nao nimetoa! Nimeambatanisha karatasi hii mpya ili walinganishe mwandiko wangu halisi na ule wa kuigiza. Na zile tatu nimezibana tena, wasihangaike kuzitafuta. Nakala kwa wote. Wakati huu nataka zitembee!

Maryam kaweka karatasi nne kwenye ile mashine ya kupigia picha. Kazitazama kwa muda. Kaniuliza babu, una uhakika unataka walinganishe? Nikamwambia ndiyo maana ya ushahidi, mama. Kafunika uso kwa mtandio. Nadhani alikuwa na mafua.

Jumatatu, 10 Julai

Mkutano. Sitasahau dharau hii.

Mathayo kaja na karatasi zote zimechapwa. Kazitandaza mezani, nne kwa mstari. Watu wakapanga foleni kutazama. Herufi K yangu ina mkia. Ina mkia kote. Mtu wa nyuma kauliza kwa sauti huyo adui alisoma kisomo kimoja na Balozi?

Halafu Mathayo kasema neno lililonichoma. Kasema maji yalikuwa mengi zaidi langoni kwangu! Walikuwa wameshapaandika pale kabla hata ya barua! Lakini mwenye eneo lazima aliachie kwa kijiji, asiwe na uzio wala foleni ya adhabu. Antipasi kaachia lake papo hapo, mkono kifuani, kama mtu wa kanisani. Mnafiki!

Wakaulizwa akina mama, maana wao ndio wachotaji. Leah kasimama. Kasema kuvuka korongo anaweza, kurudi kule mchangani hawezi tena, na kungoja mume wake agombane hadi mvua hawezi kabisa. Kainua mkono kwa Antipasi. Mke wangu! Mkono wote!

Alhamisi, 27 Julai

Pampu inafanya kazi. Inalia kama punda. Nimesema maji yale sitayanywa maisha yangu yote. Jana kutwa sikunywa. Jioni Leah kaleta chai. Chai si maji, imechemka. Vikombe vitatu.

Leo jua limetoka Leah yuko bado kitandani. Nilidhani anaumwa. Kumbe amelala tu. Nikamwita, akageuza kichwa. Kichwa peke yake. Nikatoka nje, vumbi lilikuwa jingi.

Lakini haki ni haki! Nimeandika malalamiko ya kelele ya pampu. Nakala kwa shirika, kwa mwenyekiti, kwa Obadia, kwa Antipasi, kwa mke wa Antipasi, kwa redio. Na ili wajue nilivyoonewa tangu mwanzo, nitaambatanisha kurasa hizi zote za shajara, kuanzia Jumatatu ile. Lori la vitunguu linapita kesho asubuhi. Atakayebisha hata neno moja amuulize Leah, Maryam wa kompyuta, Bwana Mathayo, na Antipasi mwenyewe. Kufikia kesho mchana wote watakuwa wameshasoma.