Meza Kuu ya Kijivu

Jumatatu, 15 Machi 1999
Wafadhili wa mradi wetu wa malisho wametuletea kompyuta ya kukunja. Nyepesi! Unaibeba kwa mkono mmoja kama sinia la vitumbua. Mratibu wetu, Mzee Cornel, ametangaza kwamba Ijumaa inakwenda Kongwa, kwenye mkutano wa wafugaji. Ataiendesha karani (mimi, Respicius) au katibu muhtasi (Bupe), yeyote atakayeonekana kuimudu. Tena ataiendeshea meza kuu! Tangu niajiriwe ni mimi ninayepanga viti vya meza kuu. Natandika vitambaa, naweka maua ya plastiki na chupa za maji, kisha naenda kusimama mlangoni. Sijawahi kukalia hata kiti kimoja. Naitaka nafasi hii kuliko kupandishwa daraja.

Jumanne, 16 Machi
Nimeichunguza. Chini kabisa ya kioo kuna mstari wa kijivu. Kila unachokifungua kinapata kijitufe pale, na kilichotangulia kufunguliwa kinakaa mbele ya wenzake. Kumbe ni meza kuu! Sasa nani huweka meza kuu chini? Nimeukamata mstari kwa mshale, nikauvuta, ukahamia juu. Nikafungua kwa itifaki: taarifa ya Mratibu kwanza, kisha bajeti, kisha barua, kikokotoo mwisho kabisa. Mzee Cornel ameitazama kwa muda, akasema hatimaye ofisi hii ina mtu anayejua mpangilio. Nimejipongeza kwa chipsi mayai.

Jumatano, 17 Machi
Natoka posta, nakuta mchezo wa karata umekaa mbele ya taarifa ya Mratibu! Bupe anasema alikuwa anazoeza mkono. Nikamweleza itifaki, kwa upole kabisa. Akaniuliza kama vitufe vimelalamika. Huyu dada!

Dawa yake nimeipata. Ukiusukuma ukingo wa mstari unapungua, unapungua, hadi unabaki uzi tu. Nimeusukuma. Sasa hana pa kuanzia. Alikaa mbele ya kioo kitupu, akakitazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye taipureta yake. Mzee Cornel amenikabidhi begi la kompyuta. Raha iliyoje!

Ijumaa, 19 Machi
Kongwa. Ukumbi umejaa, wazee mbele na fimbo zao. Nimekaa meza kuu! Kiti cha mwisho, lakini kina kitambaa. Nikawasha. Jua la dirishani likapiga kioo, uzi siuoni. Nikavuta juu, hakuna kitu. Nikavuta chini. Nikavuta pembeni. Mgeni rasmi akakohoa. Mzee mmoja akauliza kama mashine imelala au imekufa, maana kwa ng'ombe kuna tofauti. Jasho hadi kwenye soksi.

Bupe, aliyekuja kuandika kumbukumbu za mkutano, akasogea taratibu. Akafunga pazia, akaweka mshale ukingo wa juu, akavuta. Mstari ukashuka wote, na saa yake. Nikamnong'oneza, amejulia wapi?

"Nilikuwa naujua tangu Jumatano, kaka Respicius," akasema. "Nilidhani ndiyo itifaki yako, nikaona nisiivunje."

Hakuwa na kejeli hata kidogo. Hapo ndipo paliponiuma.

Mzee Cornel akaniomba nimpishe Bupe. Nikampisha. Nilikuwa nimeshafika nusu ya njia ya mlangoni, kwenye nafasi yangu ya siku zote, kompyuta ikazimika. Betri imekwisha, na soketi ya ukumbi imelegea, plagi haikai bila kushikiliwa. Soketi iko wapi? Chini ya meza kuu! Nikaingia. Nikaishikilia hadi mkutano ulipofungwa. Kusema kweli si pabaya. Kuna kivuli, kitambaa kinaning'inia pande zote, na nimegundua soksi za mgeni rasmi hazifanani. Bupe alinipitishia soda na sambusa mbili. Masjala nzima, nani mwingine amewahi kula meza kuu?

Jumamosi, 20 Machi
Nyumbani Nkuhungu. Mke wangu Edina aliuliza kama nilikaa meza kuu. Nikasema ndiyo. Akauliza upande gani. Nikasema katikati, karibu na mgeni rasmi. Sijadanganya hata neno moja. Amefurahi, amechinja kuku. Baada ya mapaja mawili nikamsimulia yote. Alicheka hadi akalia, kisha akasema Jumatatu nimshukuru Bupe na niachane na ujanja.

Nitamshukuru. Ni dada mwema. Lakini nimewaza sana leo. Jana nilibadilisha mkono mara mbili, plagi ikachomoka mara mbili, na mara zote mbili mkutano mzima ulisimama. Mgeni rasmi mwenyewe aliinama akafunua kitambaa, akanisihi. Kumbe nilikuwa nahangaika na mstari bure! Mkubwa ni mwenye waya.

Begi la kompyuta nilimkabidhi Bupe jana jioni, kama Mzee Cornel alivyoniagiza. Waya uko hapa, chini ya godoro.