Masanduku Mawili Yasiyojua Uongo

Palma, Jumatano asubuhi

Kwa Ndugu Mratibu,
Redio yetu ya Jamii,
Ofisini.

KUH: KUPINGA SPIKA ZA STUDIO KUFANYWA MIGUU YA FRIJI

Mheshimiwa Mratibu, ambaye pia ni mwanangu Samiha, binti wa kaka yangu,

Nakusalimu kwanza kwa heshima ya cheo chako, kisha nakusalimu tena, salamu ya kawaida, kwa kuwa nilikubeba mgongoni ulipougua surua. Mimi ni baba yako mdogo Ossufo, fundi sauti wa kwanza wa redio hii, sasa mstaafu, mwenye sikio moja zima, la kulia. La kushoto liliharibiwa na jenereta nikiwa kazini, na sikulalamika. Leo nalalamika.

Nimearifiwa kwamba Ijumaa baada ya sala, yale masanduku mawili ya studio ambayo tumesikilizia kazi zetu tangu redio ifunguliwe yatakabidhiwa kwa Chamsudine, muuza soda, ayafanye miguu ya friji yake. Mahali pake kimewekwa kispika kimoja cha kisasa, cha plastiki, chenye taa zinazogeuka rangi. Lahaula! Malalamiko yangu ni saba, ila nimeandika matano kwa sababu ya uhaba wa karatasi.

1. Kispika hiki ni mbembelezaji. Masanduku ya zamani hayakutengenezwa kumfurahisha mtu. Yalitengenezwa ili fundi alisikie kosa kabla msikilizaji hajalisikia. Ukimeza neno, yanakuambia umemeza neno. Ukija na mafua, yanatangaza mafua. Hiki cha kisasa kinatia besi hata kwenye kikohozi. Matokeo yake ni Sadique, msoma habari wetu. Kwenye masanduku ya zamani alisikika jinsi alivyo, yaani mtu anayesoma huku anatafuna muhogo. Sasa akijisikiliza anajiona gavana, na juzi njiani alinipa mkono wa vidole viwili.

2. Kinasema bila kuulizwa. Ukikiwasha, mwanamke asiyejulikana ukoo wake anatoa tangazo kwa Kiingereza, kisha kinalia tii. Masanduku yetu miaka yote yaliwashwa, yakanyamaza, yakasubiri kazi.

3. Nimeteswa kwa ajili ya jambo hili. Malalamiko ya kwanza niliyaandika kwa Kireno, kwa heshima ya sekretaria yako, yaani makarani wa ofisi, nikasema koluna zangu mbili zinaonewa, maana kwa Kireno spika ni koluna. Nikasahau kwamba uti wa mgongo nao ni koluna. Nikapewa karatasi ya hospitali, nikalazwa kifudifudi, nikasuguliwa dawa ya moto mpaka adhuhuri. Nikarudi kufafanua kwamba koluna zangu ni zile kubwa za mbao, na ninachotaka ni zibaki. Karani wa dirishani akaelewa msafara wa magari yanayosindikizwa na askari, ambao nao, jamani, ni koluna. Akanijibu kwamba koluna haibaki, inaondoka Awasse saa mbili asubuhi, niwahi na kitambulisho. Ndiyo maana barua hii ni ya Kiswahili. Mgongo, alhamdulillahi, umepona, ingawa haukuwa unauma.

4. Kispika hiki hakijui kushoto wala kulia. Kiko kimoja peke yake, kinachukua sauti za pande zote mbili na kuzikoroga kwenye chungu kimoja. Na hapa, mwanangu, vua kidogo cheo unisikilize.

Unaijua kaseti ya salamu za Idi aliyosoma marehemu Mwanawetu, mke wangu, mwaka wa mwisho aliokuwa na nguvu. Sauti yake nyingine sina. Kila juma nakuja studio, nakaa kwenye kile kiti cha mbao, naisikiliza. Alikaa kulia, basi anasikika kulia. Nasikia bangili zake zikigonga meza anapogeuza karatasi. Anawasalimu watu wa Vamizi, anawasalimu watu wa Macaloe, anameza mate, anaendelea. Anatutakia Idi njema, nami nazima, naondoka na macho yangu nikiyafuta. Kushoto ilikuwepo maikrofoni ya Isabel, mtangazaji mwenzake, ambaye siku hiyo hakuwa na la kusoma. Basi sanduku la kushoto, kwa adabu zake, linanyamaza kaseti nzima, halitoi hata mkwaruzo. Nionyeshe spika ya kisasa yenye uaminifu wa namna hiyo! Niliapa kwamba kaseti ile sitaisikiliza kwa chombo kingine, na sijawahi. Masanduku yale yakitoka Ijumaa nitakuwa nimefiwa mara ya pili, na safari hii kwa sahihi yako.

5. Kwa kuwa imethibitika hapo juu kwamba masanduku haya hayajui uongo, naona ni ufujaji kuyafungia studio. Napendekeza yaanze na mikutano ya mtaa, kila kiongozi ahutubie kupitia hayo, nami nikae mbele na sikio langu. Yakimaliza huko yaingie kwenye posa. Asiolewe binti yeyote kabla mposaji wake hajasoma ukurasa mmoja kwenye maikrofoni. Nasikia Sadique anamtaka Nadia, binti wa jirani yangu, basi aanze yeye, na muhogo wake mdomoni. Mwisho yapewe viti viwili kwenye kamati ya redio, kimoja kushoto, kimoja kulia, na kura ya sanduku la kushoto ihesabiwe mara mbili kwa sababu ya ukimya wake, sifa ambayo wajumbe wengine sijaiona kwao.

Natumaini Jumamosi itayakuta masanduku pale pale yalipo. Msalimie mama yako, wasalimie wote wa ofisini mpaka mlinzi, msalimie Yusra fundi mpya ingawa ndiye aliyekileta kispika. Sadique msalimie kwa vidole viwili.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na hasira,
Ossufo, baba yako mdogo.

Nyongeza, Alhamisi. Barua hii nimeileta mwenyewe, nikakuta umeme umekatika na wewe haupo. Nilitaka kuisikiliza kaseti, lakini masanduku hayawaki bila umeme. Yusra akanionea huruma, na kumbe alishainakili kaseti ya Mwanawetu. Kabla sijakataa akaifungulia kwenye kispika chenye taa, kwa kuwa kina betri. Nilisimama nigombe. Mwanawetu akaanza kusalimu, nikakaa.

Baada ya Idi njema, pale ninapozima siku zote, Yusra hakuzima. Kulikuwa na la ziada. Mwanawetu alidhani kurekodi kumekwisha, akasogea kwa Isabel, akawa anasema kwa sauti ya chini kwenye maikrofoni ya kushoto, na kispika kinachokoroga pande zote kikamtoa. Anamwomba Isabel asiniambie kwamba sanduku la kushoto limekufa tangu Ramadhani iliyopita. Anasema, “Huyu mzee wangu analipenda mno, na sikio la upande ule hana, hatajua.” Anamwagiza azidi kupanga nyaya, kila kinachostahili kusikika kipite kulia. Kisha anasema, “Ossufo akijua koluna yake imekufa ataileta tuizike, na kaburi nitachimbishwa mimi.” Halafu anacheka. Kicheko chenyewe hasa, Samiha, kile cha jikoni, ambacho sijakisikia miaka kumi na moja. Nililia mbele ya Yusra na sikuona haya.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mratibu, nafuta malalamiko yote matano, isipokuwa sehemu zinazomhusu Sadique. Kispika kibaki studio, na yule mwanamke wa Kiingereza nimemsamehe. Sanduku la kulia mpe Chamsudine. La kushoto nileteeni nyumbani, nimeshalipangia mahali karibu na kitanda. Limemtunzia Mwanawetu siri yake miaka yote hii bila mkwaruzo, siwezi kuliacha libebe soda. Chamsudine atafute mguu mwingine.