Mke Wangu Amewahi Kufika

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu kapiga simu. Kozi ya uuguzi imekwisha. Miezi minane! Anapanda ndege Jumatano saa kumi na mbili jioni, anafika Alhamisi asubuhi. Nikaruka kwa furaha, nikakanyaga sahani ya vifaranga.
Vifaranga mia moja. Chumbani kwetu. Kabla ya kuondoka alinionya kwamba akikuta hata unyoya mmoja ndani, atarudi kwa mama yake. Na mnunuzi anakuja Alhamisi saa nne. Nimekwisha.

Jumanne, 5 Machi
Sijaisha! Nimekwenda posta na rula, nikapima ramani ya ukutani. Mji wake mpaka wetu: sentimita kumi na nane, yaani kilomita elfu kumi na mia nane. Ndege hukimbia mia tisa kwa saa. Saa kumi na mbili. Lakini je, mafuta? Hata basi husimama kujaza. Nikaweka saa nne. Rubani naye ni binadamu, alale saa sita. Jumla ishirini na mbili. Atafika Alhamisi saa kumi jioni! Maskini, amekosea hesabu. Sikumsahihisha.

Jumatano, 6 Machi
Fundi Saa, jirani yangu mjuaji, kanicheka mbele ya wateja wake. Eti ndege haisimami njiani, na marubani hupokezana. Eti saa za kule na za huku hazilingani. Fundi saa gani huyo, anayekiri mwenyewe kwamba saa hazilingani? Nimerudi zangu nyumbani. Simu nimeizima, nipange mambo kwa utulivu.

Alhamisi, 7 Machi
Saa mbili asubuhi mlango ukafunguliwa. Mke wangu! Nyuma yake shemeji, kaka yake, kabeba begi. Walinipigia kutoka uwanja wa ndege mpaka wakachoka. Mimi nimevaa kaptura, godoro limeegemezwa ukutani, kifaranga kimesimama juu ya kiatu cha mke wangu. Akauliza kwa upole kitanda chetu kiko wapi. Nami, badala ya kumkumbatia, nikamwambia amewahi.
Hakuingia. Begi lenyewe halikutua chini. Miezi minane nimemngoja, nimemwona dakika mbili.

Ijumaa, 8 Machi
Vifaranga wameondoka. Nimesugua chumba mara tatu. Nikaenda kwa mama mkwe, nikapiga magoti sebuleni. Mama mkwe akaangalia pembeni. Mke wangu akaninusa shingoni, akasema nikaoge kwanza, halafu atafikiria.

Jumapili, 10 Machi
Amerudi! Ameniapisha mbele ya shemeji: kuku ndani ya nyumba, marufuku. Nimeapa kwa moyo mmoja. Usiku kucha nimemsikiliza akikoroma, raha tupu.
Juni ataenda tena kule kuchukua cheti. Anasema siku nne, kwenda na kurudi. Maskini, amekosea tena. Wakati wa kurudi ndege itakuwa inapanda, maana kwenye ramani mji ule uko chini kabisa. Si chini ya saa thelathini. Nafasi tele.
Sungura nimeshawaagiza.