Sentimita Moja na Nusu ya Mgongo wa Mama

Jumapili, tarehe 2 Juni

Nimeanza shajara hii kwa sababu za kisayansi. Mwalimu wetu wa sayansi anasema jambo lisiloandikwa halina ushahidi. Basi naandika: mgongo wa Mama umebakiza siku tisa.

Mama ni fundi cherehani. Miaka kumi na minne ameiinamia ile mashine, na sasa kisahani laini kilicho kati ya pingili mbili za kiuno kimetokeza nje na kubana mshipa wa fahamu. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita pajani, yanateremka mpaka kisiginoni. Daktari wa mifupa aliamuru avutwe mgongo kwa mashine wiki sita, mara tatu kwa wiki. Jumanne ya tarehe 11 atamwona tena. Kama hakuna nafuu, yatazungumzwa mambo ya kisu. Mama anaogopa kisu. Mimi naogopa zaidi, ila sijamwambia mtu.

Tatizo la kwanza: Mama anataka kuacha. Anasema wiki tano amevutwa na haoni tofauti. Tatizo la pili: Shangazi, dada yake Baba, aliyekuja kutusaidia kwa siku mbili mwezi uliopita. Anasema wifi yake anawambwa kama ngozi ya ngoma, wakati dawa ya mgongo inajulikana, ni kukanyagwa na mtu mzito. Alipotamka “mtu mzito” alivua ndala. Mama akahama kiti. Baba hajihusishi. Anasema kati ya mawifi wawili hakai mtu mwenye akili timamu.

Nina mpango. Kitu kikivutwa hurefuka. Nitampima Mama, na akiona kwa macho yake amerefuka, hataacha. Jioni hii nimemsimamisha mlangoni kwa tepu yake mwenyewe ya ushonaji: kibati cha mwanzo chini ya kisigino, rula juu ya kichwa. Sentimita 147. Nikamweleza kwa upole kwamba yeye ni mfupi. Akajibu kuwa aliwahi kusikia.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimemsindikiza Mama kuvutwa, baada ya shule. Chumba kidogo, mapazia ya buluu. Kitanda kimekatika katikati, nusu ya chini inateleza. Mkanda mmoja mbavuni, mwingine juu ya nyonga, halafu kamba inaingia kwenye mashine. Mashine inavuta polepole, inashikilia, inalegeza. Inarudia. Mama anashika kitufe mkononi. Akiona mambo magumu anabonyeza, kila kitu kinasimama. Mtaalamu wa viungo, ambaye namwita Mnyooshaji kwa heshima zote, alinihakikishia hakuna cha kuogopa.

Akatoka kidogo. Mama akafumba macho. Mdomo wazi! Nikamwita mara moja, kwa sauti ya adabu. Kimya! Nikabonyeza kitufe.

Mashine ililia chumba kizima. Mnyooshaji aliingia akiwa na kiatu kimoja. Mzee wa pazia la pili alipaza sauti kwamba kama watu wanaokolewa, na yeye asisahauliwe. Mama akafumbua macho, akauliza kuna nini. Alikuwa amelala usingizi! Wakaanza upya tangu dakika ya kwanza. Nimeombwa niwe nangojea nje, kwenye benchi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Asubuhi. USHINDI! Nimempima Mama kabla hajanywa chai. Sentimita 148 na nusu! Amerefuka sentimita moja na nusu kwa kuvutwa mara moja! Mama akajitazama kwenye kioo, mbele na ubavuni. Akasema kumbe. Akasema basi ataendelea. Nilitembea kwenda shule kama vile mimi ndiye niliyevutwa.

Jioni. Balaa. Shangazi hakuamini maneno ya mtoto. Alimsimamisha Mama mlangoni akampima mwenyewe. 147! Akampima tena. 147! Akatangaza kwamba hata kitambaa kibaya hakisinyai haraka hivyo, tena bila kufuliwa. Mama akakaa kitini taratibu. Akasema kesho haendi.

Kesho ni Jumatano ya wiki ya mwisho. Hawezi kuacha sasa!

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimefanya jambo. Naliandika kwa ajili ya sayansi.

Kabla ya shule nilichukua mkasi mdogo nikakata sentimita moja na nusu mwanzoni mwa tepu ya Mama. Namba za mwanzo zilifutika zamani kwa kushikwashikwa, kwa hiyo hazikulalamika. Kile kibati nilikirudisha na kukibana kwa meno. Sasa meno yanauma. Si udanganyifu. Asubuhi ya jana Mama alikuwa 148 na nusu, mimi ni shahidi. Nimeurudisha ukweli mahali pake tu.

Saa nane na nusu mchana nilimwomba Shangazi ampime tena, kwa kuwa mtafiti wa kweli hurudia jaribio. Alicheka akapima. 148 na nusu! Akageuza tepu upande wa pili. Akafuta miwani kwa kanga. Akasema hm.

Mama alibeba mkoba wake tukaenda. Nilikaa kwenye benchi, mikono nimeikalia.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Asubuhi: 150! Tepu imeisha! Kesho Mama ataizidi!

Shangazi amepunguza maneno. Wakati wa chai aliuliza, kama mtu asiye na haja, iwapo mashine hiyo inapunguza na tumbo.

Mama anaimba. Amesimama mezani anakata sketi nane za kwaya ya shule yetu, wataimba Jumatatu mbele ya wazazi. Vipimo viko kwenye daftari lake, alivichukua wiki mbili zilizopita. Chaki, tepu, mkasi, chaki, tepu, mkasi. Kushona anashona nusu saa, anapumzika, kama alivyoagizwa. Ni raha kumtazama. Nadhani nitakuwa mtaalamu wa viungo.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Leo niliruhusiwa kuingia ndani, mbali na kitufe. Nikamweleza Mnyooshaji kwamba mgonjwa wake amerefuka sentimita tatu. Nilitegemea aandike mahali.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwamba kila mtu huamka mrefu na kulala mfupi. Visahani vya mgongo ni kama sponji: usiku vinafyonza maji, mchana uzito wa mwili unavikamua. Hata yeye. Hata mzee wa pazia la pili, ambaye alijibu kutoka upande wake kwamba hilo la kukamuliwa analijua vizuri. Kuvuta mgongo hakukusudii kumrefusha mtu, kunakusudia kuupa mshipa nafasi. Hata hivyo, akasema, hawafaidiki wote. Kipimo chake ni maumivu yenyewe: yakianza kupanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, hiyo ndiyo habari njema.

Akamgeukia Mama akamuuliza. Mama akafikiri. Akasema kisigino hakijamuuma tangu Jumatano. Sasa yanaishia gotini. Alishangaa mwenyewe kusikia anasema hivyo.

Nafuu ya kweli, bila tepu! Nimefurahi sana. Kidogo nimeona sikuthaminiwa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Wasichana wa kwaya walikuja kujaribu sketi. Wa kwanza alikuwa kiongozi wao, tuko darasa moja, tunamwita Filimbi. Zipu ilipanda nusu ikagoma. Mama akamwambia avute pumzi. Filimbi akavuta pumzi, akasema kwa shida kwamba hivi hataweza kuimba hata ubeti mmoja. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu akauliza kama hizi ni za wadogo zao.

Mama akafungua daftari. Vipimo ni sawa. Akapima sketi. Ni sawa! Akasema labda wamenenepa wote kwa pamoja ndani ya wiki mbili. Shangazi alikwenda chumbani akarudi na tepu yake kutoka kwenye sanduku, akazilaza mbili mezani, ubavu kwa ubavu.

Nyumba nzima ilinitazama. Hata Baba aliweka gazeti chini.

Nilieleza yote. Sketi ina kipande cha mbele na cha nyuma, kila kimoja kimekosa sentimita moja na nusu, jumla tatu. Hesabu hiyo niliitoa mwenyewe, nikidhani itasaidia. Mama hakunipiga. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kwa bahati huwa anaacha akiba ya kutosha kwenye mshono, zitafumuliwa na kupanuliwa. Akakaa kwenye cherehani. Ingekuwa heri anipige.

Alikaa saa nzima, hakupumzika. Aliponyanyuka alishika ukuta. Nikamuuliza yamefika wapi. Akasema kwenye shavu la mguu. Jana yalikuwa gotini! Yameshuka! Wiki sita zote, na mimi ndiye nimezikata kwa mkasi.

Hapo ndipo nililia. Shangazi akamshika Mama mabega. Alimwambia, “Wifi, toka hapo. Kalale.” Mama akabisha kwamba kazi ni yake. Shangazi akamjibu mgongo pia ni wake, achague kimoja.

Halafu akakaa yeye kwenye cherehani. Kumbe Shangazi anajua kushona! Alishona miaka saba kabla ya kuolewa. Mstari wake umenyooka kuliko wa rula. Nimeuliza kwa nini hakusema. Amejibu hakuna aliyemuuliza, wote walikuwa wanapimana.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mama amelala chali kwenye mkeka, miguu juu ya kiti, kama alivyofundishwa na Mnyooshaji. Anatoa amri kutoka chini. Mimi nafumua nyuzi kwa wembe. Shangazi anashona. Wamebishana kuhusu upana wa pindo tangu asubuhi. Mchana nikawasikia wanacheka, nadhani walinicheka mimi. Sikujali.

Saa kumi na moja jioni sketi nane zilikuwa zimekwisha. Shangazi akasimama. Alisimama nusu. Nusu nyingine ilikataa.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Daktari alimlaza Mama, akainua mguu wake ukiwa umenyooka. Akauinua zaidi. Nilikuwa nimeshika mkoba wa Mama kwa mikono miwili. Akamuuliza anasikia maumivu wapi. Mama akasema hapa tu, kwenye kalio, tena kidogo. Daktari akamgonga goti kwa kinyundo, akamwambia asimame kwa visigino, kisha kwa vidole. Akaandika kwa muda mrefu sana, na wala mwandiko wake si mzuri. Akasema: hakuna kisu. Mazoezi, asikae zaidi ya nusu saa, arudi baada ya miezi mitatu.

Tukatoka nje. Pale kwenye ngazi Mama akanikumbatia, akainama kidogo kufanya hivyo, akainuka bila kushika chochote.

Nimetafakari kwa makini jambo hili lote. Nisingekata tepu, sketi zisingebana. Zisingebana, Shangazi asingeshona. Asingeshona, Mama asingelala kwenye mkeka siku nzima kabla ya kumwona daktari. Kwa hiyo, kisayansi, ni mimi niliyemponya. Sijawaambia. Wakati wake bado.

Sasa kuna Shangazi. Anatembea akitazama sakafu. Mnyooshaji, tuliyepita kumuaga, ameagiza alale miguu juu ya kiti dakika ishirini kila jioni. Shangazi ameapa dakika kumi zinamtosha, na dakika zake atazihesabu mwenyewe, kwa jicho lake, kwenye saa ya ukutani.

Nimepanda stuli nikaichunguza. Kifuniko cha nyuma kinashikwa na skrubu moja tu. Ndani kuna kigurudumu kidogo ambacho, kikiwekewa uzi mwembamba, nadhani kitakwenda polepole mara mbili.