Macho ya Marehemu na Diski Iliyojaa

Jumatatu, 3 Machi

Leo historia imeanza, na mwanzilishi ni mimi. Shangazi anataka picha ya marehemu mumewe itundikwe hapa studio kabla ndugu hawajaja Jumapili. Ajabu ya marehemu: alipiga picha mtaa mzima, yeye akabaki na moja tu, aliyopigwa na Shangazi mwenyewe. Imo kwenye kompyuta tu, na humo amefumba macho. Chafya, bila shaka! Nikamwambia Shangazi atulie, nitaunda programu ya kufumbua macho. Akauliza mambo hayo nimesomea wapi. Nikamjibu nimetembea, nimeona. (Nimeona video. Nusu yake.)

Nikaanza kuweka zana za kuundia programu. Ya kwanza ikaomba nyingine. Hiyo nayo ikaita nduguze. Kufika adhuhuri ukoo mzima umehamia, na kompyuta inasema diski inakaribia kujaa. Kukaribia si kufika!

Jumanne, 4 Machi

Imefika. Fundi simu wa mlango wa pili, tunayemwita Bisibisi kwa ulimi wake unaoingia kila tundu, akachungulia na kusema: futa hizo zana, bwana mkubwa, kabla hazijakufuta wewe. Kijicho kitupu! Lakini nikafuta folda moja, yaishe. Nikaenda kunawa uso. Kurudi, folda ipo palepale, tena imenenepa. Shangazi alikuwa nje anaanika mapazia. Hakuna aliyegusa. Nikafuta tena, safari hii nikiikodolea. Ikapotea. Nikapepesa macho. Ikarudi. Feni ya kompyuta ikashusha pumzi, kama mtu aliyeudhika.

Bisibisi anasema zana hujipakua zenyewe zikiwakosa wenzao. Sawa. Mbona basi vinyweleo vilinisimama?

Alhamisi, 6 Machi

Inafanya kazi! Iliomba macho ya mfano, nikaipa yangu, maana ni mazuri na yalikuwa karibu. Kope za marehemu zimeanza kuachana. Ila kila ikijaribu inahifadhi nakala. Folda imejaa marehemu, safu kwa safu, kila mmoja kafumbua kidogo kumshinda jirani yake. Nikashusha ukurasa upesi upesi. Akaamka. Naapa, aliamka! Nikafunga dirisha la kompyuta, kisha la chumba.

Programu imegoma kumaliza: nafasi hakuna. Nifute zana? Nani huuza jembe siku ya kulima? Nikatafuta kisicho na kazi. Nikaiona ile picha ya kwanza ya marehemu, nzito kama gunia. Ya nini tena, na macho mapya yapo njiani? Nikafuta. Nikamwaga na pipa la taka la kompyuta. Mimi mtu wa usafi.

Ijumaa, 7 Machi

Imekamilika! Nikampangusia Shangazi kiti, nikamwita kwa mbwembwe. Akatazama. Akasogea kushoto, akasogea kulia. Kisha taratibu: baba, mbona mume wangu ananitazama kwa macho yako?

Nikacheka. Peke yangu.

Akasema nimrudishie ile ya kwanza. Haikuwa chafya hata kidogo. Kamera alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu, mumewe akaangua kicheko, na mwanamume yule akicheka hufumba macho. Huyo ndiye anayemtaka ukutani, anayecheka. Nikamwambia yupo, amepumzika tu.

Nikamwita Bisibisi kwa siri. Akachimba pipa la taka, patupu. Zana zimekalia mahali pa picha. Akasema: ndugu yangu, umemzika mara ya pili. Na hakucheka. Bisibisi! Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Sikuiagiza, lakini programu imetembea yenyewe kwenye folda za wateja. Mama mmoja kaja kuchukua picha ya mwanawe mchanga, aliyepigwa amelala fofofo. Mtoto katoa macho. Yangu. Mama akamfunika usoni mtoto aliyembeba, akatoka kinyumenyume. Maharusi nao wananitazama. Nimeigeuzia kompyuta ukutani. Feni bado inahema.

Jumapili, 9 Machi

Ndugu wamejaa. Ukutani kuna msumari mtupu. Shangazi hakunigombeza, amenipakulia chakula kama wengine, nyama kubwa kwangu. Afadhali angenichapa! Kila mara anautazama ule msumari. Roho imeniuma hadi nikaacha nyama, na mimi nyama siiachi.

Ndipo akili ikafunguka: programu ya kufumba macho! Nimchukue marehemu mwenye macho yangu, nimfumbe, nimchekeshe, Shangazi apate mtu wake. Inataka zana chache tu. Bisibisi asiambiwe, ataniharibia.

Diski imelalamika tena. Safari hii nimetumia busara: nimefuta zile nakala za majaribio. Nimeanza na za mwanzo kabisa, ambazo hata hazikufumbua, jamaa amefumba tu, meno nje. Hasara tupu. Zimekwenda, na pipa nimelimwaga.

Nafasi tele! Feni imenyamaza ghafla, kama mtu anayesikiliza. Zana zinaingia.