Hukumu ya Jiwe la Mwenyekiti

Baraza la Usuluhishi la kata yetu, hapa Kariakoo, linayo heshima kuutangazia umma kwamba limelimaliza swali zito la kikatiba ambalo wanasheria wote wa nchi hii walikuwa wakilikwepa: je, jiwe ni mtu?

Mimi ndiye katibu wa Baraza, kwa hiyo sisimuliwi. Siku ile watu walijaa mpaka madirishani. Raha tupu.

Mlalamikaji alikuwa Mama Euphrasia, muuza chai wa Gerezani. Mnajua wenyewe sukari ya duka la ushirika inavyotolewa Jumamosi na isivyotosha, na mnajua desturi: unaacha jiwe kwenye foleni, unaenda zako, ukirudi unasimama lilipo. Mama Euphrasia hakuacha jiwe. Alisimama mwenyewe tangu alfajiri. Mbele yake palikuwa na jiwe moja tu, la Ndugu Kasmir, Mwenyekiti wetu. Duka lilipofunguliwa Ndugu Kasmir akatokea, akachukua mgawo wake, wa mkewe, na wa wageni anaowatarajia. Sukari ikaisha. Mama akasema akikosa tena wiki ijayo, biashara anafunga, maana mafundi wa reli hawanywi maji ya moto.

Shauri alilisikiliza Ndugu Kasmir mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyelifahamu jiwe lile kuliko yeye.

"Ndugu Mwenyekiti," Mama akasema, "mimi miguu imenivimba. Jiwe lako limevimba wapi?"

Nikaagiza watu waache kucheka. Nilikawia kidogo kuagiza.

Mzee Devendra, fundi cherehani na mjumbe wa Baraza, akauliza kwa adabu kama Katiba inataja mawe.

"Katiba inasema watu wote ni sawa, Mzee wangu," Ndugu Kasmir akajibu. "Haijasema lazima mtu aje na mwili wake."

Hukumu ikatoka: jiwe lililowekwa na raia ni raia, lihesabiwe popote litakapokuwa, na atakayelisogeza ni mhujumu uchumi. Mama Euphrasia akapewa onyo kwa kulitazama jiwe vibaya.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mkutano wa kumthibitisha Ndugu Kasmir kwa kipindi kingine, uwanja wa Mnazi Mmoja, mahudhurio lazima. Saa aliipanga mwenyewe, ileile ya sukari, ili foleni ibaki na mawe matupu, lake likiwa mbele. Wananchi wakaitii hukumu. Wao wakaenda foleni, mkutanoni wakatuma mawe.

Uwanja ulijaa. Mawe, matofali, na kinu kimoja kilichopasuka. Nikatangaza kwamba akidi imetimia. Ndugu Kasmir akataka kuahirisha. Mzee Devendra, aliyekuja na mwili wake, akamuuliza kama anaipinga hukumu ya Baraza.

Basi Ndugu Kasmir akatamka kama ilivyo kawaida yetu kila mwaka: "Wanaonikubali wanyooshe mkono. Wasionikubali watulie."

Yakatulia.

Mimi mkono wangu ulikuwa umeshika kalamu.

Aliposikia matokeo alitoka mbio kwenda dukani, akaokoe walau sukari. Jiwe lake lilikuwepo, la kwanza, halijasogezwa hata kidogo. Mama Euphrasia alikuwa amelikalia.

"Mama, ondoka. Hilo jiwe ni la Mwenyekiti."

"Najua," Mama akasema, akajitengeneza vizuri. "Kamwite."